Koku wa Alhamisi

Jumatatu ile Keko, mtaa wa mafundi samani wa Dar, ilikuwa imeamka na kelele zake zote. Mashine za randa zilinguruma, nyundo zilijibizana, na vumbi la mbao lilitanda mpaka mama wa chai akafunika sufuria yake kwa kanga. Makochi yasiyovishwa nguo yalipangwa kando ya njia, mbavu nje, yakisubiri sponji. Katikati ya vurugu hiyo akapita mwanamke mrefu, maji ya kunde, gauni la kitenge cha bluu limemkaa sawasawa, miwani ya jua usoni, na viatu vya kisigino ambavyo aliyevitengeneza hakuwahi kufika Keko.

"Dada, kochi la kona lipo!"

"Usiende huko, mama, huko wanaweka maboksi ndani! Njoo kwa wenye mbao!"

Kokushubila hakugeuka. Alikuwa amezoea kuitwa. Nyuma yake alikuja Farida, msaidizi wake wa kipindi, kashika futi ya kupimia na karatasi ya vipimo vya studio. Kipindi chao kilikuwa kimepata mdhamini mpya, na mdhamini alitaka kochi jipya.

"Hebu kalia hili, Koku," Farida alisema, akionyesha kochi la watu watatu lililokuwa chini ya turubai la karakana moja. Sponji lilikuwa limeshabandikwa, kitambaa bado. "Wewe ndiye unayelikalia saa nzima, si mimi. Mie navuka hapo ng'ambo nikaangalie vitambaa."

Koku akakaa. Akaegemea. Farida aliporudi na vipande vitatu vya kitambaa mkononi, alimkuta mwenzake kichwa kimelala nyuma, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, mdomo wazi kidogo kama mtoto.

Mwenye karakana alikuwa kasimama pembeni, tupa mkononi, hajui afanye nini. Aliitwa Mudathir: mwanamume wa miaka thelathini na minane, mfupi, mabega mapana, fulana imejaa gundi, penseli sikioni. Akageuka kwa jirani yake.

"Nurdin! Zima mashine."

"Nizime kwa nini? Nina kazi za watu hapa."

"Kuna mtu kalala."

"Kalala Keko?" Nurdin alisogea, akachungulia, akatikisa kichwa. "Huyu ana deni la usingizi la mwaka mzima." Akazima mashine.

"Wiki tatu hajalala," Farida alinong'ona. "Mwache kidogo, kaka yangu, tafadhali."

Mudathir akashusha upande mmoja wa turubai ili jua lisimfikie, akaenda kupiga msasa mbali. Saa moja na nusu ilipita. Koku alipofumbua macho, aliona kwanza turubai la kijani, halafu vumbi likielea, halafu mwanamume aliyechuchumaa akichagua misumari.

"Nimelala?"

"Umekoroma, dada."

"Sikoromi."

"Muulize Nurdin. Alidhani mashine yake imejiwasha."

Koku akapangusa pembe ya mdomo. Alijua hapo angepaswa kuona aibu, au angalau kucheka. Hakuona kitu. Akauliza tu, "Kochi hili bei gani?"

"Hilo halina bei leo. Mtu akilala kwenye kochi, ni lake. Tutaongea ukiamka vizuri." Mudathir akamtazama kwa makini. "Wewe si ndiye Koku wa Alhamisi? Sauti nimeijua. Dada yangu Hija kila wiki analia mbele ya televisheni."

"Ananililia mimi?"

"Anawalilia wageni wako."

"Na wewe?"

"Mie nakutazamaga wewe. Mgeni akilia, Hija analia, majirani wanalia. Wewe unaangalia kitu pembeni. Nimejiuliza sana kuna nini pale pembeni."

Watazamaji walikuwa wakimwandikia kuhusu nywele zake, magauni yake, Kiswahili chake. Hilo hakuna aliyewahi kuliona.

"Kuna saa," akasema.

*

Miaka kumi na mitatu kabla ya siku hiyo, Kokushubila alitoka Kamachumu, Kagera, na cheti chake, akaajiriwa mapokezi kwenye kituo kimoja cha televisheni huko Kinondoni. Alipokea simu, akapokea wageni, akawaletea maji. Wageni walipokuwa wakisubiri kuingia studio walimsimulia yeye kwanza, na mara nyingi walisimulia vizuri zaidi pale mapokezi kuliko mbele ya kamera. Mkuu wa vipindi, Brightson, akaliona hilo. Akampa kazi ya kutafuta wageni, kisha kuandika maswali, kisha utayarishaji wenyewe. Halafu siku moja ya mvua mtangazaji akakwama kwenye mafuriko, zikabaki dakika nne, na Koku akakaa kitini akiwa amevaa kandambili. Kipindi kikaitwa *Sema Nami*. Tangu hapo alikitayarisha na kukitangaza mwenyewe, mubashara, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni.

Mwaka wa kwanza alilia na wageni. Mwaka wa pili alilia chooni baada ya kipindi. Mwaka wa tatu alijifunza kwamba machozi ya sekunde nane yanatosha, zaidi ya hapo watu wanahamia kwenye mpira, na akaanza kuhesabu. Mke aliyefukuzwa na mashemeji, sekunde nane. Mama aliyefiwa, nane. Siku moja Koku aligundua kwamba hahesabu studio tu. Kwenye harusi ya mdogo wake alicheza kwa sababu wenzake walicheza. Nyumba yake mpya ya Tegeta alihamia kama mtu anayeingia hotelini. Hakuwa na huzuni. Huzuni angeifahamu, maana aliihoji kila wiki.

*

Kochi lilipokamilika, la kitambaa cha rangi ya haradali, Mudathir alilipeleka studio mwenyewe. Koku akamwandikia ujumbe: "Asante fundi, limependeza." Hakujibiwa. Akaandika mwingine kesho yake: "Umefika salama?" Kimya. Siku ya tatu simu ikaita.

"Dada Koku, habari za huko?"

"Nzuri. Kumbe upo? Nimekuandikia mara mbili umenikaushia."

Mudathir akasita. "Mie meseji sio mtu wake. Nikipiga si ni vizuri zaidi? Nakusikia."

"Unanisikia nini?"

"Nasikia kama hujala."

Hakuwa amekula. Kuanzia siku ile fundi alipiga kila siku saa sita na nusu mchana, karakana ilipokuwa ikitulia kwa chakula.

"Umekula, mrembo wa Alhamisi?"

"Mrembo wa Alhamisi yuko kwenye kikao."

"Kikao kinaliwa na chumvi au kachumbari?"

Farida alianza kuitambua ile simu. "Saa sita na nusu hiyo," alitania, "pokea, mume anakuita."

Walianza kuonana Jumapili. Mudathir alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, ananukia sabuni na, chini yake kabisa, mbao ya mkongo. Walikula chipsi na mishikaki Tegeta, wakatembea wakiangalia nyumba za watu zisizokwisha. Alimsimulia Newala kwao, na mjomba wake mchonga vinyago aliyemleta Dar akiwa na miaka tisa. Jumapili ya tano Koku aliona amweleze ukweli.

"Mudathir, usije ukasema sikukwambia. Mie sisikii kitu. Si kwako tu. Kwa wote. Naona kwamba wewe ni mtu mzuri, kama ninavyoona ukuta ule ni mweupe. Basi."

"Nimekuuliza unasikia nini?"

"Hapana."

"Nimekuuliza kama utakula mshikaki huu wa mwisho."

Koku akaula. Mudathir alitafuna kachumbari kwa muda, halafu akasema taratibu, "Mbao ikikatwa mbichi ukaiunga haraka, inapasuka. Inaachwa. Mie nina subira, Koku. Ndiyo kazi yangu."

Jumapili iliyofuata alikuwa na viti vya kupeleka Kigamboni, akamwomba amsindikize. Walivuka daraja ndani ya kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi na dereva wake, viti vimefungwa kamba nyuma, madirisha wazi, kitambaa cha Koku kikipepea. Mteja, mzee mmoja mstaafu, alipokea viti vyake, akaleta karatasi mbili za makubaliano ya kazi nyingine: vitanda vya nyumba ya wageni.

"Soma hapo, fundi, kisha tia saini."

Mudathir aliishika karatasi. Akaikazia macho. Akapapasa mfuko wa shati. "Miwani nimeisahau. Koku, hebu nisomee."

Koku akasoma kwa sauti. Mudathir akasikiliza, akauliza maswali mawili ya maana, akabishia kipengele cha muda, akachora saini yake polepole kama anayechora ua. Waliporudi kwenye gari, Koku hakuruhusu dereva awashe.

"Huna miwani, Mudathir. Sijawahi kukuona na miwani."

Dereva akashuka mwenyewe kwenda kununua maji. Mudathir alitazama mikono yake.

"Namba nazijua," alisema. "Vipimo vyote nazijua namba zake. Herufi ndizo sikuzipata. Baba alikufa nikiwa darasa la pili, mjomba akanileta mjini, nikashika patasi. Hakuna anayejua Keko nzima. Nurdin hajui. Hija ndiye anayejua, na sasa wewe."

"Ndiyo maana meseji..."

"Ndiyo maana." Akamgeukia. "Hii nimekupa wewe, Koku. Si ya Alhamisi."

"Si ya Alhamisi," Koku akaitikia. Akamshika mkono, ukiwa mgumu kama ubao. Alijua kwamba amekabidhiwa kitu kizito, ingawa uzito wenyewe hakuusikia.

*

Alhamisi ya wiki ya tatu baadaye mada ilikuwa elimu ya watu wazima. Wageni wawili walikuja na suti zao na takwimu zao, wakazungumza kama wanasoma ripoti. Dakika ya ishirini sauti ya Brightson ikaingia sikioni mwa Koku kupitia kile kidude cha kusikilizia.

"Koku, watu wanatuhama. Watoe usingizini. Toa kitu."

Koku alitazama saa. Akatabasamu kwa kamera. Akaweka kiganja juu ya mkono wa kochi.

"Mtazamaji wangu," alisema, "mimi ninamfahamu fundi mmoja wa Keko. Ana karakana yake, ana heshima yake, mikono yake ni ya dhahabu. Ndiye aliyetengeneza kochi hili nililokalia. Na fundi huyu, mpaka leo, hajui kusoma hata jina lake. Anajifanya kasahau miwani."

Wageni wakaguna kwa huruma. Brightson akasema sikioni, "Hapo hapo! Endelea." Koku akaendelea, dakika tatu nzima, kwa maneno mazuri kuhusu ushujaa.

Keko, kwenye kibanda cha mama wa chai, televisheni ndogo ilikuwa ikiwaka. Mafundi kama kumi walikuwa pale, wamekuja kama kawaida yao ya Alhamisi kutazama kochi la mwenzao likionyeshwa nchi nzima. Mudathir mwenyewe ndiye aliyewaita. Alikuwa kasimama mbele kabisa na kikombe cha chai. Maneno yalipotoka hakuna aliyecheka mara moja. Halafu mmoja wa nyuma akaokota gazeti lililofungiwa vitumbua, akamnyooshea.

"Fundi, hebu tusomee habari za leo. Au miwani?"

Kicheko kililipuka. Nurdin peke yake hakucheka. Mudathir akakiweka kikombe mezani, akarudi karakana, akashusha turubai lake pande zote.

Kesho yake saa sita na nusu simu ya Koku haikuita. Akapiga yeye. Haikupokelewa. Jumamosi asubuhi akaenda Keko. Alimkuta akivuta kitambaa juu ya fremu na kukikaza kwa pini, tap, tap, tap, bila kuinua kichwa.

"Mudathir."

"Karibu, dada. Unatafuta kochi?"

"Usiniite dada hivyo. Nisikilize. Sikutaja jina."

"Ulitaja kochi."

"Nilikuwa nakusifu! Nilisema una mikono ya dhahabu."

"Ulinivua nguo sokoni halafu ukasifia umbo langu." Tap, tap. "Mzee wa Kigamboni kapiga. Anasema vitanda atampa mtu mwingine, mtu wa kuelewana naye kwenye makaratasi. Sawa, kazi huja na kuondoka. Hija kashindwa kwenda kisimani kwa maneno ya watu. Hilo nalo litapita. Nataka nikuulize kitu kimoja tu, Koku. Pale ulipokuwa unasema, ulisikia nini?"

Koku angeweza kudanganya. Kuuremba uongo ilikuwa nusu ya kazi yake.

"Sikusikia kitu."

Mudathir akaacha kazi kwa mara ya kwanza, akamtazama. Macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka.

"Ulipaswa kuniambia ulijisikia vibaya, nikakasirika, tukagombana, yakaisha. Sasa hili la kutosikia kitu nilifanyeje? Nilidhani nina subira ya kutosha. Nenda nyumbani, Koku."

Akaenda. Barabara nzima hadi Tegeta aliendesha vizuri, akasimama kwenye taa zote, akampisha kila mtu. Nyumbani akafungua simu, akaitafuta klipu. Ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko kipindi chochote cha mwaka ule. Akaitazama bila sauti. Akauona uso wake mwenyewe ukitoa siri ya mtu aliyempenda, na ulikuwa uso wa mtu anayetaja bei ya nyanya. Akaitazama mara ya pili, ya tatu. Kisha akazifungua za zamani, mwaka baada ya mwaka, wanawake mmoja mmoja wakilia, na kila mara yale macho yake yakikimbilia ukutani kwenye saa.

*

Jumatatu Brightson alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alimpokea mlangoni, tai imelegezwa, mikono wazi.

"Malkia! Mdhamini kapagawa. Wanamtaka fundi kwenye kochi Alhamisi hii. Lake mwenyewe! Tunamletea mwalimu, anaandika jina lake mubashara, anapewa simu mpya, analia, wewe unamkumbatia. Nchi inasimama. Mlete."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Simleti. Na ile klipu naomba iondolewe."

Brightson akacheka, halafu akaona kwamba hachekeshi mtu. Akafunga mlango.

"Koku, mie nimekutoa mapokezi. Nakuheshimu. Lakini mkataba wako unaisha mwezi huu na mdhamini ndiye anayeulipia. Wewe unajua kazi hii. Huyo bwana ni mgeni kama wageni wengine."

"Ndiyo ishu yenyewe, kaka Brightson. Nimewafanya wote wageni. Mama yangu mzazi akinipigia simu naangalia saa."

"Ukitoka kwenye kile kiti, hakitakaa kitupu hata wiki."

"Najua. Klipu iondoeni, na kiti mpeni Farida. Ataweza."

Alitangaza kipindi chake cha mwisho Alhamisi hiyo. Mada ilikuwa kilimo cha bustani za nyumbani. Hakumtaja Mudathir, hakuomba radhi hewani, maana kila neno jingine lingekuwa kumuuza upya. Mama mmoja wa Goba alieleza habari za mchicha kwa utulivu kabisa, na Koku akamsikiliza mpaka mwisho. Taa zilipozimwa Farida alimkumbatia akilia, akimwomba msamaha kwa kukubali kiti. "Usilie," Koku alimwambia, "utaharibu poda. Na sikiliza, mama: wakilia, usihesabu." Akachukua viatu vyake vya akiba chini ya meza ya urembo, akaondoka na mfuko mmoja wa plastiki. Miaka kumi na mitatu iliingia yote humo.

Jumamosi alikwenda Chamazi, mahali Mudathir alipoishi na dada yake. Kulikuwa na mechi uwanjani, njia zimejaa jezi na mavuvuzela. Koku alikuwa amevaa dera la kawaida na ndala, na hakuna aliyemtambua. Hija alifungua mlango, kanga kiunoni, akamtambua mara moja.

"Umekuja na kamera?"

"Nimekuja peke yangu, wifi."

"Wifi wa nani? Huo uwifi ulikufa Alhamisi." Lakini Hija alikuwa mwanamke aliyelelewa, akamsogezea kigoda.

Mudathir akatoka na kikoi. Kelele za uwanjani zilipanda na kushuka. Koku akaeleza: klipu imeondolewa, kipindi kimekwenda kwa Farida, yeye hana kazi. Alieleza bila kuremba.

"Sikuja unisifu," akamaliza. "Na machozi sina, Mudathir, nimeyatafuta. Nimekuja kwa sababu nilikuwa na kitu chako nikakitupa, na ni haki yako kuniona uso nikikwambia hivyo."

Mudathir alikikaza kikoi chake kiunoni.

"Nilikuwa nakuchukia mpaka Jumanne," akasema mwishowe. "Jumatano nilisahau kukuchukia, kazi zilikuwa nyingi. Ila kukusamehe bado."

"Nije tena?"

"Njia si ya kwangu. Ya serikali."

Hija akaguna jikoni. Lakini Koku alipoondoka alipewa mihogo kwenye mfuko.

Akaja Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Wakati mwingine Mudathir hakuwepo, na Koku alikaa na Hija wakichambua mchele. Katika wiki hizo redio ndogo ya Temeke ilimpa kazi ya kutayarisha kipindi, malipo kidogo, chumba cha kurekodia kimefunikwa magodoro ukutani. Koku alikubali kwa sharti moja: kila aliyesimulia alirudishiwa sauti yake aisikilize kwanza, na akisema "hili hapana," hilo halikutoka. Mwenye redio alilalamika kwamba nusu ya mazuri yanabaki kwenye kapu. "Yabaki," Koku alimjibu. Mudathir aliisikia redio hiyo karakana kwake, akiwa na Nurdin. Hakusema kitu. Lakini Jumatatu moja, saa sita na nusu, simu ya Koku ikaita.

"Umekula?"

Koku alishika simu kwa mikono miwili. "Bado."

"Haya, kula. Nasikiliza."

Kuanzia hapo akarudi kupita Keko mchana, akitoka redioni, na bakuli la wali. Mafundi walimzoea. Yule wa gazeti la vitumbua hata alimwomba msamaha Mudathir mbele yake, akaambiwa alete misumari yaishe. Na Mudathir alianza kwenda darasani Jumanne na Alhamisi kwa mwalimu mstaafu wa Mtoni. Alikwenda mwenyewe, bila kusukumwa, na Koku hakuuliza anafundishwa nini.

Siku moja ya mwezi wa kumi Koku alifika na bakuli lake akakuta mteja. Mwanamke mzuri, mweupe, dera la hariri, udi unamtangulia hatua tatu. Alikuwa kakalia kochi jipya, kaegemea, kamshika Mudathir mkono wa shati.

"Fundi wangu mzuri," alisema kwa sauti ya kudondosha asali, "lakini Jumamosi utaniletea mwenyewe, eeh? Mie kupokea kochi na madereva siwezi. Nataka mikono hii hii."

"Nitaleta, mama, usijali," Mudathir alijibu, akacheka kwa adabu.

Koku akasikia kitu. Kilianzia chini ya mbavu, kikali, kama mtu kamchoma na msumari, kikapanda kooni, masikio yakawaka moto. Mikono ilitetemeka mpaka mfuniko ukagongana na bakuli. Akaweka bakuli chini kwa kishindo.

"Dada," alisema, "kochi litaletwa na dereva. Huyu Jumamosi ana kazi."

Mwanamke akamtazama kutoka ndala hadi kilemba, akasonya, akainuka na udi wake, akaondoka. Nurdin akazima mashine bila kuombwa. Mudathir akamgeukia.

"Koku! Unanifukuzia wateja?"

"Nimeona wivu," Koku alisema. Alisema kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Mudathir, nimeona wivu! Hapa, hapa chini ya mbavu. Kidogo nimrushie bakuli."

"La wali?"

"La wali na mchuzi wake!" Akaanza kucheka, akashindwa kuacha, akakaa juu ya rundo la sponji akishika tumbo. Mudathir akachuchumaa mbele yake. Na yeye alikuwa anacheka, lakini macho yake yalikuwa makini.

"Kingine unasikia?"

Koku akajikagua. "Hapana. Huo wivu tu. Na umeshaanza kupoa." Akasita. "Sitaki kukudanganya. Huenda mengine yakachelewa. Huenda mengine yasirudi."

"Wivu unatosha kuanzia." Mudathir akajifuta gundi kwenye fulana. "Basi niolewe nawe, au wewe uolewe nami, vyovyote watakavyoandika. Bomani, kila mtu na dini yake. Nilitaka kungoja nikwandikie barua, lakini ukiendelea kunifukuzia wateja nitakufa njaa kabla ya kufika herufi 'm'."

"Unaniomba hapa? Mbele ya Nurdin?"

"Nurdin, geuka."

Nurdin akageuka ukutani.

"Ndiyo," Koku akasema. Hakusikia ngoma wala vigelegele kifuani. Alisikia tu kwamba neno lile limekaa mahali pake, halichezi. Mudathir akalipokea hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi Koku alimpigia mama yake Kamachumu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenipigia asubuhi, kuna nini?"

"Nataka kukuletea mtu."

"Waitu! Mhaya?"

"Mmakonde, Mama. Fundi makochi. Anaitwa Mudathir."

Kuku walisikika huko Kamachumu. Koku alingoja, na hakutazama saa.

"Mwislamu," mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Senene anakula?"

"Panzi hao hajawahi kuwaona."

"Msimu ni mwezi ujao. Tutamtazama atakavyowatafuna, tutamjua." Sauti ya mama ikashuka. "Koku. Ulipokuja harusini kwa mdogo wako nilikutazama. Ulikuwa kama mtu aliyesimama nje ya dirisha. Nisingependa uolewe namna ile. Huyo mtu unampenda?"

Koku alifikiri. Alitafuta neno lisilo la kwenye kamera.

"Mama, jana mwanamke mmoja alimshika shati. Nilitetemeka mpaka nikataka kumrushia bakuli la wali."

Upande wa pili mama alianza kucheka, kicheko kirefu cha kikohozi, mpaka ikabidi akae.

"Basi mlete," akasema. "Mlete haraka."